Gorkha: Kila taifa lamtaka langoni, sebuleni hana kiti

Septemba 2025 vijana wa Nepal walipoingia barabarani, sisi huku Nairobi tulifuatilia kama fainali. Ilikuwa kama kujitazama kwenye kioo: simu mkononi, bendera mgongoni, na serikali inayodhani vijana ni kelele za mitandaoni tu. Siku ya kwanza, tarehe 8, watu 19 wakauawa. Kesho yake Waziri Mkuu K.P. Sharma Oli akaachia ngazi.

Vichwa vya habari vilisema vijana wamewaka kwa sababu serikali imefunga mitandao 26 ya kijamii. Sawa, lakini hiyo ilikuwa njiti ya kiberiti. Petroli ilikuwa imemwagika kitambo: ufisadi, watoto wa wakubwa kuanika utajiri Instagram, na uhaba wa kazi unaomfanya kijana wa Nepal aone uwanja wa ndege ndio ofisi ya ajira. Pesa ambazo Wanepal walio ng'ambo wanatuma nyumbani ni zaidi ya robo ya uchumi wa nchi yao. Robo, manze.

Kwenye safari hiyo ya kutoka nje kuna mlango mmoja mkongwe kuliko yote: kwenda kuwa askari wa nchi ya watu. Umekuwa wazi tangu 1815. Sasa upande wake mkubwa umefungwa, na kufungwa kwake kunaeleza mengi kuhusu watu ambao dunia inawasifu bila kuwajua. Wagorkha.

Kwanza jina. Gorkha ni mji na wilaya milimani, magharibi mwa Kathmandu. Mfalme wake, Prithvi Narayan Shah, ndiye aliyeteka bonde la Kathmandu mwaka 1768 na 1769 na kuunganisha falme ndogo ndogo kuwa Nepal. Kwa hivyo Gorkha si kabila moja. Ndani yake utapata Wagurung, Wamagar, Warai, Walimbu na wengine, kila mmoja na lugha na mila zake. Waingereza wanaandika Gurkha, India wanaandika Gorkha. Nitatumia la India, liko karibu zaidi na mji wenyewe.

Kampuni ya Uingereza iliyotawala India ilipigana na Nepal kuanzia 1814 hadi 1816. Nepal ilishindwa na kupoteza karibu theluthi moja ya ardhi, lakini wale wanaume wa milimani waliwatoa Waingereza jasho hadi wakaanza kuwasajili vita vikiwa bado havijaisha. Adui akiwa mkali, mwajiri. Ni akili ya biashara, ukifikiria vizuri.

Baadaye Waingereza wakatengeneza nadharia nzima: eti kuna jamii zilizozaliwa kwa vita. Wagorkha wakawekwa juu kabisa ya orodha. Kama unadhani hiyo ni stori ya Asia tu, waulize Wakamba na Wakalenjin. Nadharia hiyo hiyo ililetwa Kenya na kutumika kujaza kikosi cha KAR. Mtu anaambiwa yeye ni shujaa kwa damu, anapewa bunduki, na mshahara unabaki mdogo kwa sababu shujaa hahesabu senti. Hiyo sifa ni makato ambayo hayaonekani kwenye hati ya mshahara.

Na ushujaa wenyewe haukuwa wa kubuni. Usiku wa Mei 12 kuamkia 13 mwaka 1945, kule Taungdaw nchini Burma, askari mmoja aliyeitwa Lachhiman Gurung alikuwa kwenye handaki la mbele kabisa. Kimo chake hakikufika futi tano. Wajapani, si chini ya 200, wakavamia. Guruneti ya kwanza ikaangukia ukingo wa handaki, akaiokota na kuirudisha. Ya pili ikaanguka ndani, akairudisha pia. Ya tatu ikamlipukia mkononi. Vidole vya mkono wa kulia vikaenda, mkono ukavunjika, uso ukajeruhiwa na jicho la kulia likapotea. Akaendelea kupakia na kufyatua bunduki kwa mkono wa kushoto kwa saa nne. Kulipokucha, maiti 31 za adui zilikuwa mbele ya kikosi chake kidogo.

Alipewa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza. Rejimenti za Gorkha zimepata nishani hiyo mara 26, nusu yake ikienda kwa Wagorkha wenyewe na nusu kwa maafisa wao Waingereza. Kabla ya 1911 askari wa kutoka upande huo wa dunia hakuruhusiwa hata kuipata. Afanye lolote.

Burma hiyo hiyo ndiyo waliyopigana babu zetu. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilisukuma Wajapani katika bonde la Kabaw mwaka 1944, chini ya Jenerali William Slim, ambaye alikuwa amepanda vyeo akiwa afisa wa Wagorkha. Jeshi moja, matope mamoja, malaria ile ile. Na vita vilipoisha hesabu zilifanana pia. Nyaraka zilizofichuliwa mwaka 2019 zilionyesha kwamba askari Mwafrika aliondoka na kiinua mgongo cha hadi mara tatu chini ya mzungu wa cheo kama chake.

Kwa Wagorkha hesabu hiyo imeendelea hadi kizazi chetu. India ilipopata uhuru, rejimenti zao 10 ziligawanywa kama mali ya urithi: sita zikabaki India, nne zikaenda Uingereza. Uingereza, India na Nepal zikakubaliana Novemba 1947 kuhusu masharti, na malipo ya uzeeni ya waliokwenda Uingereza yakafungwa kwenye viwango vya jeshi la India, kwa hoja kwamba mtu atastaafu Nepal na Nepal maisha ni rahisi. Waliopunguzwa kazi miaka ya 1960 kabla ya kufikisha miaka 15 hawakupata pensheni kabisa.

Mwaka 2007 mzee wa miaka 84, Tul Bahadur Pun, naye mwenye Victoria Cross, aliomba viza ya kwenda kuishi Uingereza atibiwe. Akajibiwa kwamba hajaonyesha uhusiano wa kutosha na Uingereza. Mzee aliyeshambulia bunduki za Wajapani kwa ajili ya Uingereza! Kelele zikapigwa, viza ikatoka. Mwigizaji Joanna Lumley, ambaye baba yake alihudumu katika rejimenti moja na mzee Pun, akaibeba kesi ya wenzake wote. Aprili 29, 2009 serikali ya Gordon Brown ilishindwa bungeni kwa kura 267 dhidi ya 246, na mwezi uliofuata ikakubali kwamba Wagorkha waliohudumu angalau miaka minne na kustaafu kabla ya Julai 1997 wanaweza kuhamia huko.

Ruhusa ya kuhamia, ndiyo. Pensheni ikabaki kama ilivyokuwa. Sasa mtu anaishi England kwa malipo yaliyopigiwa hesabu ya kijijini Nepal. Wastaafu walienda hadi Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, wakashindwa mwaka 2016. Agosti 2021 baadhi yao waligoma kula kwa siku 13 karibu na makao ya waziri mkuu, London. Kwa haki ya kusema, wanaosajiliwa siku hizi wana masharti sawa na Mwingereza. Tatizo ni wazee, na wazee wana tabia ya kufa kabla mazungumzo hayajaisha.

Turudi kwenye mlango uliofungwa. India ndiyo imekuwa mwajiri mkubwa, ikiwa na maelfu ya Wanepal jeshini na wastaafu zaidi ya 100,000 huko Nepal. Kijiji kizima kinaweza kuishi kwa pensheni ya babu mmoja. Usajili ulisimama wakati wa korona. Kisha Juni 2022 India ikaleta mpango unaoitwa Agnipath: kijana anahudumu miaka minne tu, halafu robo pekee ndiyo wanabakizwa. Wengine wanapewa kitita, asante, kwaheri, pensheni hakuna.

Nepal ikasema hapana, haya si makubaliano ya 1947, na Agosti mwaka huo ikaomba usajili usitishwe. Hofu yake ina mantiki. Nchi hiyo imetoka kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1996 hadi 2006. Fikiria kila mwaka mamia ya vijana wa miaka 22 au 23 wanarudi kijijini wakijua kutumia bunduki, mfuko ukiwa mtupu. Ni serikali gani italala usingizi?

Lakini mimi nina shida na jinsi uamuzi huo ulivyoachwa ukining'inia. Serikali moja inaingia, nyingine inatoka, hakuna anayetaka kuisaini wala kuifuta. Na kijana wa mlimani hana muda wa kungoja mawaziri. Mimi chuo nilikiacha mwaka wa pili kwa sababu ya karo, na ninajua kitu kimoja kuhusu kungoja: mlango halali ukifungwa, yule dalali wa mlango wa nyuma anafika kabla hujamaliza kulia.

Kwa Nepal alifika akiongea habari za Urusi. Vita vya Ukraine vilipozidi kula watu, mamia ya Wanepal wakajikuta katika jeshi la Urusi, baadhi wakijua, baadhi wakidanganywa kuwa wanaenda kazi nyingine au masomo. Desemba 2023 serikali ya Nepal ilitangaza vifo vya raia wake sita huko, na Januari 2024 ikaacha kutoa vibali vya kwenda kufanya kazi Urusi na Ukraine. Sitasema Agnipath ndiyo iliwapeleka, kwa sababu wengi hawakuwa wanajeshi kabisa. Ila sifa ya Gorkha inawatangulia. Dalali anauza jina lililojengwa kwa miaka 200.

Hapo stori inatugusa shingoni. Novemba 2025 Wizara yetu ya Mambo ya Nje ilisema zaidi ya Wakenya 200 huenda wako katika jeshi la Urusi. Hao ni wasee wa mitaa yetu, walioahidiwa doo na kazi nzuri. Nepal ilipita hapo miaka miwili kabla yetu na tungeweza kuuliza.

Sasa tuongee kuhusu neno soja. Limetoka kwa Kiingereza likimaanisha mwanajeshi, lakini hapa Kenya ukisema soja kila mtu anamuona mzee wa lango, rungu mkononi, kikombe cha chai kwenye kibanda. India wana neno lao: Bahadur. Maana yake ni shujaa, na ni jina la kati la wanaume wengi wa Nepal. Lakini mjini India limegeuka kuwa jina la kumwita mlinzi. Yaani cheo cha heshima kimeshushwa hadi getini.

Wanaoumia zaidi na hilo ni Wagorkha ambao si raia wa Nepal kabisa. Wapo wengi, hasa Darjeeling na Kalimpong katika jimbo la West Bengal. Vizazi na vizazi ni Wahindi. Major Durga Malla alinyongwa na Waingereza Agosti 1944 akipigania uhuru wa India. Ari Bahadur Gurung alikuwa katika baraza lililoandika katiba ya nchi hiyo. Lakini kwa sababu mkataba wa 1950 unaruhusu raia wa Nepal na India kuvuka mpaka na kufanya kazi bila viza, Mgorkha wa Darjeeling akifika Delhi anaulizwa: umetoka Nepal lini?

Mwaka 2007 Prashant Tamang, konstebo wa polisi wa Kolkata aliyezaliwa Darjeeling, aliingia shindano la uimbaji la Indian Idol. Milima yote ikachanga pesa za kumpigia kura kwa simu. Akashinda. Halafu mtangazaji mmoja wa redio akatania hewani kwamba sasa Mgorkha akiwa nyota, watu watabaki kujilindia nyumba zao wenyewe. Ghasia zikazuka mjini Siliguri. Wiki chache tu baada ya ushindi, Bimal Gurung, aliyeongoza kampeni ya kumpigia kura, akaanzisha chama cha kudai upya jimbo la Gorkhaland. Ukisikia mtu akisema utani ni utani tu, mwambie hiyo.

Dai lenyewe lilikuwa la zamani. Kati ya 1986 na 1988 liligharimu maisha ya zaidi ya watu 1,000, na 2017 kukawa na mgomo wa zaidi ya siku 100. Kila mara wanapewa mamlaka ya eneo yenye meno machache, jimbo halipatikani. Na katika mashamba ya chai ya Darjeeling, wachumaji wengi wanaishi kwenye viwanja ambavyo familia zao zimelala juu yake kwa miaka zaidi ya 100 bila hatimiliki. Jina la chai ya Darjeeling lililindwa kisheria mwaka 2004.

Singapore nayo ina kikosi chake cha polisi cha Wagorkha tangu 1949. Trump na Kim Jong Un walipokutana huko Juni 2018, wao ndio walisimama mlangoni. Wakistaafu, wanarudishwa Nepal pamoja na wake zao na watoto waliokulia Singapore.

Kwa sasa mlango uliobaki wazi zaidi ni wa jeshi la Uingereza. Kule Pokhara, kila mwaka vijana zaidi ya 10,000 wanawania nafasi mia chache. Mojawapo ya mitihani ni kubeba kilo 25 za mchanga kwenye kikapu, kamba ikipita kwenye paji la uso, na kupanda mlima kama kilomita tano mbio. Wengi wamelipia mafunzo ya miezi mingi. Ukizidisha umri wa miaka 21, basi tena, unatafuta paspoti.