Ripoti ya maabara nayo ni fasihi, acheni kuipika

Jamani, riwaya tunazichambua kila siku, lakini hadithi ya kwanza ya uongo anayofundishwa kijana kuandika hatuigusi: ripoti ya maabara ya fizikia.

Praktiko ya pendulamu mnaikumbuka. Uzi wa mita 1, kijiwe kinabembea, unapima muda wa mibembeo 20, unakokotoa g. Umepata 9.3. Kitabu kinasema 9.8. Basi ufutio unaanza kazi! Unatoka kwenye jibu unarudi nyuma, unapika namba hadi zikae. Mwishoni unaandika "makosa ya kibinadamu", bila kusema binadamu gani alikosea nini. Hata mimi nilipika, nikapewa alama zote.

Eti hiyo ndiyo nidhamu ya sayansi? Hapana. Ripoti ni ushahidi. Anayeandika 9.3 na kueleza kwamba alichelewa kuzima saa kwa sekunde 1 hivi, huyo amefanya fizikia. Mwenye 9.8 ya kupika amenakili tu.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari Tanganyika, aliona mchanganyiko wa aiskrimu uliowekwa ukiwa moto ukiganda kabla ya uliopoa. Alichekwa. Hakufuta alichokiona. Mwaka 1969 yeye na Denis Osborne walikichapisha, na wanafizikia wanabishana mpaka leo.

Angepika, tungebishania nini? Walimu, sahihisheni maelezo, msisahihishe ukaribu na 9.8.