Aliuliza, Akajibiwa, Akabonyeza

Msimu wa OSCE, mtihani wa udaktari wa vitendo wa kupita kituo kwa kituo, ukikaribia, wanafunzi mabwenini wanaambizana jambo lile lile: tafuta karatasi ya alama ya mwaka jana, ikariri, kazi imekwisha. Usiku unawasikia: nimenawa mikono, nimejitambulisha, nimeomba ruhusa. Utadhani mazoezi ya kwaya.

Nimewahi kukaa upande wa watahini, kituo cha tumbo. Kijana akaingia, akasafisha mikono, "Shikamoo mama," jina, mwaka wa nne, ruhusa, vyote bila kukwama. "Kuna mahali panauma?" Mama akagusa chini ya mbavu za kulia. "Asante," akasema, na papo hapo akaanza kupabonyeza. Mama akakunja uso. Kijana macho yako kwenye saa ya ukutani. Kila aliyepita wodini ameambiwa aanzie mbali na panapouma, na mkono ukiwa tumboni macho yabaki usoni kwa mgonjwa. Lakini karatasi yangu ilitaka kujua kama ameuliza. Ameuliza. Nikaweka alama ya vema.

Wakariri watasema basi mtihani wenyewe ndivyo unavyotaka. Ronald Harden wa Dundee, Scotland, na wenzake walipoutangaza mwaka 1975, walikuwa wanapambana na bahati: huyu kaangukia mgonjwa mwepesi na mtahini mpole, yule kaangukia balaa. Karatasi ilikuja kumfunga mtahini mikono, haikuja kumfundisha mtahiniwa kazi. Tena mwaka 1999 huko Kanada, Brian Hodges na wenzake waliwapitisha madaktari wazoefu kwenye vituo vya magonjwa ya akili; kwa karatasi za alama wazoefu wakapata alama chache kuliko wanafunzi. Bingwa akishanusa tatizo hulifuata, hamalizi orodha.

Kwa hiyo nenda wodini jioni, raundi zikishapita. Omba ruhusa kwa mgonjwa; ukikataliwa, shukuru uondoke. Pasha viganja joto. Anzia chini kulia, panda taratibu kuelekea mbavuni, na kila mara mgonjwa avutapo pumzi lisubiri ini lije lenyewe kwenye vidole. Mara nyingi halitakuja, na hilo nalo vidole vinapaswa kulijua. Mwenzako asimame akutazame, karatasi ameikalia.

Kengele ilipolia kijana akatoka. Mama akajifunika kanga yake, akanigeukia.

"Daktari, huyo naye amefaulu?"

Nikajumlisha alama. Alikuwa amefaulu.