Ufa ukutani, mgodi chini: nani alete ushahidi?

Mtoto wa ndugu yangu anaishi Yorkshire, kaskazini ya Uingereza. Nyumba yake aliinunua taslimu kwa kuogopa riba. Sisi wa Muscat tulichanga, wa Dubai wakachanga, mkewe akauza bangili zake. Mwaka wa pili ukatokea ufa juu ya mlango wa jikoni. Akaupiga plasta, ukarudi. Mwaka wa nne mlango wa nyuma ukawa haufungi. Kampuni ya bima ikamjibu kwamba hiyo ni kazi ya migodi ya zamani, wao haiwahusu. Kijana akanyamaza. Nilipomuuliza kwa nini, akaniambia: "Ami, nitathibitisha vipi? Mimi nina ukuta tu. Shimo liko huko chini."

Jawabu hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Sote tumelelewa na kanuni moja, kwa kadhi na hata barazani: mwenye kudai ndiye aletaye ushahidi. Kanuni nzuri, siipingi. Lakini inafaa pale ambapo mdai na mdaiwa wote wanaweza kuufikia huo ushahidi. Kwenye makaa ya mawe mambo si hivyo. Ramani za mashimo amezichora mchimbaji, na hesabu ya alichokitoa na alichokiacha anayo yeye. Mwenye nyumba ana ufa na picha za simu. Kumwambia athibitishe ni kumfungia mlango kwa adabu.

Hebu tuangalie ardhi inavyodidimia. Ziko njia mbili kubwa za kuchimba makaa chini ya ardhi. Ya kwanza, tabaka zima huondolewa na dari ya mgodi huachwa ianguke nyuma ya wachimbaji. Hapo ardhi ya juu hushuka mapema, na nyumba iliyo pembeni kidogo ya mgodi nayo yaweza kupasuka. Ya pili, huachwa nguzo za makaa zishikilie dari. Nguzo hizo zaweza kusimama miaka hamsini, hata mia, kisha zikavunjika siku moja na watu wamelala. Aliyechimba keshakufa zamani. Na Uingereza ilianza kulazimisha ramani za migodi iliyofungwa ziwekwe serikalini mwaka 1872. Mashimo ya kabla ya hapo, mengi hayana ramani kabisa.

Nilipokuwa sekondari ya misheni tulikariri majina ya miji ya makaa ya Uingereza na tani zake. Hakuna aliyetuambia habari ya nyumba zilizojengwa juu yake.

Waingereza wenyewe mwishowe waliliona hili. Sheria yao ya mwaka 1991 ya uharibifu wa migodi ya makaa inasema hivi: mwenye nyumba akishaonyesha kwamba aina ya uharibifu na mazingira yake yanaashiria mgodi, basi mzigo unahamia upande wa pili. Wao ndio wathibitishe kwamba si mgodi. Mgodi wa mwisho mkubwa wa chini ya ardhi, Kellingley, huko huko Yorkshire, ulifungwa Desemba 2015, lakini haki ya kudai haikufungwa nao.

Marekani wamechukua njia ndefu zaidi. Huko Pennsylvania, mwaka 1878, kampuni ya makaa iliuza ardhi ya juu ikabakisha ya chini, na hati ikasema mnunuzi hatadai lolote. Jimbo likatunga sheria mwaka 1921 kuzikinga nyumba. Mwaka 1922 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Pennsylvania Coal dhidi ya Mahon, ikaipa ushindi kampuni. Hadi mwaka 1987 ndipo mahakama hiyo hiyo, kwa kura tano kwa nne, ilipokubali sheria nyingine ya jimbo hilo ya kuilinda ardhi ya juu. Miaka sitini na mitano! Watoto wa wale wenye nyumba walishakuwa mababu.

Najua yuko atakayesema: mwalimu, nyumba hupasuka kwa sababu nyingi, mizizi ya miti, udongo wa mfinyanzi, fundi mbovu. Ukimbebesha mchimbaji mzigo, kila mtu atamletea ufa wake. Hoja hiyo ina uzito. Lakini sheria ile haipokei ufa wowote tu, mwenye nyumba lazima kwanza aonyeshe dalili. Baada ya hapo, mwenye ramani na wahandisi aseme. Huko si kumpendelea mdai, ni kumuuliza anayejua.

Hili latuhusu na nyumbani pia. Tanzania ina mgodi wa chini ya ardhi kule Kiwira, na kwa sheria ya nchi madini si mali ya mwenye shamba. Kanuni ya nani athibitishe iandikwe wazi kabla mashimo hayajaongezeka, isingojee kuta zipasuke.

Na nyinyi mnaonunua nyumba Uingereza, kabla ya kutia saini mwambieni wakili awaletee ripoti ya migodi ya makaa ya eneo hilo. Mkishanunua na ufa ukatokea, pigeni picha, andikeni tarehe, pelekeni taarifa kwa Mining Remediation Authority. Muda ni miaka sita tangu mtu ajue uharibifu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ufa huu plasta haiuzibi. Kuupaka na kunyamaza ni kupoteza siku zako.

Kijana wetu, tulipohesabu pamoja, alikuwa amebakiwa na miezi minane. Barua ameshaipeleka. Sasa zamu yao kujibu.