Gauni la Tiba Lipewe Namba Yake

Forodhani, vazi la kujikinga hutambuliwa kwa kitambaa chake kuliko kazi yake. Gauni la upasuaji lililoshonwa kwa kitambaa kisichofumwa huandikwa namba 6210.10, sawa na ovaroli ya mpaka rangi. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki husamehe ushuru wa mavazi ya kinga ya hospitali zilizosajiliwa; hata hivyo, namba hiyo pekee haimwonyeshi ofisa lipi ni la wodini. Hati zisipojieleza, mzigo hukwama bandarini, muuguzi hurudia gauni la kuvaliwa mara moja, na vijidudu humfikia mgonjwa wa kitanda cha pili. Glavu za tiba zilitengewa namba yake, 4015.12, mwaka 2022. Gauni nalo lastahili hivyo.