Lodwar hadi Marsabit: saa moja angani, siku mbili barabarani

Makomredi, chukueni ramani ya Kenya na rula, mpime Lodwar hadi Marsabit. Mstari ulionyooka ni kama kilomita 280. Ndege ndogo ya abiria kumi na wawili ingeimaliza safari hiyo kwa saa moja hivi. Sasa jaribuni kwa gari, mkitaka lami: mnashuka Kitale, Eldoret, Nakuru, mnazungukia Nyahururu na Nanyuki, mnapanda Isiolo, halafu ndiyo Marsabit. Karibu kilomita 1,000! Siku mbili ukienda kibinadamu, na nauli hata nisiitaje.

Mtasema katikati kuna Ziwa Turkana. Lipo, na upepo wake hauna mchezo. Lakini hata panapopanuka zaidi ni kama kilomita 30 tu. Kule Loiyangalani, ng'ambo ya mashariki, wanaishi Waturkana wenye ndugu upande wetu wa Kalokol. Msiba ukitokea, mtu anachagua: mashua ya wavuvi, au kuizunguka nusu ya nchi akamkute marehemu ameshazikwa.

Ndege za abiria zikipaa Lodwar, zinageukia kusini. Barabara nazo hivyo hivyo. Hii haikuja yenyewe. Waraka Nambari 10 wa 1965 ulisema pesa za maendeleo ziende kwanza penye ardhi nzuri na mvua, ambako zingezaa haraka. Sisi tukaambiwa tungoje.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba wakitaka wanaweza. Mitambo 365 ya umeme wa upepo ilipoletwa karibu na Loiyangalani, barabara ya kilomita 208 kutoka Laisamis ilitengenezwa ili malori yapite. Laini ya umeme ya zaidi ya kilomita 400 ikavutwa hadi Suswa. Kumbe upepo wetu unasafiri vizuri kutushinda!

Sheria ipo, tena si ya kutafutwa kwa tochi. Kifungu cha 204 cha Katiba kinatenga nusu asilimia ya mapato ya serikali kuu kila mwaka kwa Hazina ya Usawazishaji: maji, barabara, afya, umeme, kwa maeneo yaliyoachwa nyuma. Turkana na Marsabit zote zilikuwa kwenye orodha ya kwanza ya kaunti 14. Hazina hiyo ina umri wa miaka 20 tangu Agosti 2010, isipokuwa Bunge liiongezee muda. Yaani 2030. Hesabuni wenyewe.

Kuna anayeuliza, ati abiria wako wapi? Kwani nani atapanga foleni kungoja ndege isiyokuwepo?

Na sasa nawageukia viongozi wetu wenyewe, maana kuisuta serikali peke yake ni rahisi. Nyinyi huja Kaskazini kwa helikopta. Mnahutubia Lodwar asubuhi, Marsabit mchana, mnaona nchi ni ndogo. Ligi ya vijana iwaombe mambo matatu kwenye manifesto, na tarehe ziandikwe: kivuko salama cha ziwa, ruzuku ya ndege ndogo kati ya miji hii miwili walau mara mbili kwa wiki, na wabunge wetu wadai hesabu za Hazina, mwaka kwa mwaka. Hoja nimeshaiandika, kurasa mbili. Natafuta wa kuiunga mkono kabla ya mkutano ujao, na ningependa wa kwanza atoke Marsabit.