Abiria wa Basi Moja Hawatenganishwi

Juzi baada ya sala ya Isha tulikuwa barazani tukinywa kahawa, na kijana mmoja wa mtaani petu aliyerudi likizo kutoka Dubai akawa anatusimulia maajabu ya huko. Alisema yako mabasi ya watalii ambayo mtu hukata tikiti moja tu, akashuka apendapo, akatazama hata akatosheka, kisha akapanda basi jingine linalofuata bila ya kulipa tena. Kila abiria huvaa vidude masikioni, na ndani yake sauti ikamweleza kwa lugha aitakayo kuwa hili ni jengo gani na ule ni msikiti gani. "Wazee wangu," akasema, "upande mmoja bahari, upande wa pili jangwa, nawe umekaa juu kama sultani!"

Mzee mmoja akanigeukia. "Bwana wee, wewe ndiye mtembezi wetu. Sisi hatuna basi kama hilo?"

Nikamjibu kuwa tunalo, na tunalo tangu zamani. Laondoka Mwembe Tayari, lashika pwani hadi Malindi, lakata Garsen, lapanda sambamba na mto Tana hadi Garissa. Hapo ukishuka na kulala, utapata jingine la kukupeleka jangwani, Wajir, El Wak, hata Mandera. Tofauti ni mbili tu. Kwanza, kila ukishuka utalipa upya. Pili, sauti ya kukuelezea haitoki katika vidude, hutoka kinywani mwa mtu mliyekaa kiti kimoja.

Watu walicheka, kahawa ikazunguka tena. Lakini niliporudi nyumbani usingizi haukunijia upesi. Basi lile lanidai deni, na leo nataka kulitaja mbele ya wasomaji.

Ilikuwa mwaka 2010. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alikuwa amepelekwa kufundisha Lafey, kule juu katika pembe ya nchi, kati ya El Wak na Mandera, si mbali na mpaka wa Somalia. Mamake hakuwa na raha. Akanibebesha kikapu cha halua, achari na mabuyu, akaniambia, "Nenda ukanitazamie mwanangu. Uniambie kama ala, na kama asali." Sikuwa na haraka, kwa hivyo nikaamua kwenda kituo kwa kituo.

Hadi Garsen, ambapo njia ya Lamu hujitenga, nilijiona mwenyeji. Kuanzia hapo nikawa mwanafunzi. Mwalimu wangu wa kwanza alikuwa mzee wa Kipokomo aliyeshika kuku mapajani. Alinieleza jinsi Tana unavyofurika na kuhama njia yake, ukaacha shamba la mtu kavu na kuzamisha la jirani yake. Alinionyesha miembe ya babu zake, na ng'ombe wa Waorma wakiteremka majini. Tulipofika Hola akashusha sauti. Hapo, alisema, ndipo wafungwa kumi na mmoja wa Mau Mau walipopigwa hata wakafa, Machi 1959, kwa kukataa kazi ya kulazimishwa. Nilikuwa nimeyasoma hayo vitabuni. Lakini jambo ni jingine unapoambiwa na mtu anayekuonyesha kwa kidole.

Magharibi tulitoka Madogo, tukavuka daraja la Tana na kuingia Garissa. Korongo wakubwa walikuwa wamesimama juu ya miti kama mashekhe waliokaa kusubiri darasa. Nililala hapo, na asubuhi nikapanda basi la Wajir.

Katika basi hilo nilikaa karibu na mzee wa Kisomali ambaye sote tulimwita Adeer, kama Wasomali wamwitavyo ami yao. Nyuma yetu alikuwa mama kijana na mtoto mchanga, na kando yake muuguzi, mwanamke Mkristo kutoka bara, aliyekuwa akirudi kazini kwake Wajir. Adhuhuri dereva alisimamisha gari chini ya mgunga. Tukatawadha kwa maji ya chupa, tukasali rakaa mbili mbili, Adhuhuri na Alasiri pamoja, kama tulivyoruhusiwa wasafiri. Mama yule alipotaka kusali, alimpa muuguzi mtoto wake bila ya kusema neno. Muuguzi akampokea na kumwimbia mpaka mamake alipotoa salamu. Wala hapana aliyeona ajabu.

Nasi Waislamu twajua kuwa dini yetu imempa msafiri heshima kubwa. Katika mafungu manane ya wanaostahiki zaka, mpita njia ni mmojawapo, awe kwao tajiri au maskini. Njia humfanya kila mtu kuwa mhitaji. Na ndani ya basi wahitaji wote hukaa pamoja.

Sasa naja kwenye deni.

Mbele kidogo tulisimamishwa kwenye kizuizi. Askari alipanda, akatazama nyuso zetu, akaanza kuamrisha: wewe shuka, wewe shuka. Adeer akashuka. Mama yule na mtoto wake wakashuka. Vijana wote wa Kisomali wakashuka, wakapangwa juani, na kila mmoja akaulizwa kipande chake, kazaliwa wapi, babake nani, babu yake nani. Mimi sikuulizwa kitu. Muuguzi hakuulizwa kitu. Tulibaki kitini, na kikapu changu cha halua miguuni. Adeer alikuwa rika la babangu. Nilimwona dirishani akisimama na kofia yake mkononi, akijibu maswali ya kijana ambaye angeweza kuwa mjukuu wake. Waliporudi garini, hakulalamika. Aliniambia tu, kwa Kiswahili chake kizuri, "Sisi tumezoea." Nikainamisha uso.

Hayo mazoea yana historia. Wakati wa Mwingereza, sheria ya 1902 ilizifanya sehemu hizo wilaya za pembezoni, mtu wa nje asiingie bila ya kibali, na sheria nyingine ya 1934 ikawabana wenyeji zaidi. Uhuru ulipokuja 1963, vilikuja pamoja na vita vya Shifta na sheria za hali ya hatari. Vita vilikwisha 1967, lakini sheria zile ziliendelea hadi 1991. Mwaka 1989 Wakenya wa asili ya Kisomali walihojiwa upya juu ya uraia wao na kupewa kadi ya rangi ya waridi ya kubeba juu ya kipande. Si ajabu basi kuwa hata leo mtu wa kule akiteremka Nairobi husema anakwenda Kenya. Wengi wetu hulicheka neno hilo. Mimi siku ile nilikoma kulicheka.

Wajir nilikuta nyumba nyeupe za chokaa na visima vilivyojaa ngamia. El Wak nikaelezwa kuwa jina lenyewe maana yake ni kisima cha Mungu, na kuwa Desemba 1940 majeshi yaliyotoka Afrika Kusini na Gold Coast yalipigana hapo na Waitaliano. Ndiyo sababu Accra, mji mkuu wa Ghana, una uwanja uitwao El Wak. Aliyenieleza ni utingo wa lori la unga na mafuta ya kupikia lililonichukua kwenda Lafey. Tazama, msomaji, utingo wa lori jangwani anajua habari za Accra, na sisi wa pwani hatujui habari za Lafey!

Lafey yenyewe nilikuta ni mji mdogo wa vumbi jekundu, mbuzi, na watu wenye salamu ndefu. Mpwa wangu alikuwa amekonda kidogo, lakini alikula na alisali. Asubuhi jirani alituletea chai ya maziwa na anjera. Nikaitazama, nikacheka peke yangu, kwani ni ndugu wa mkate wa maji tunaoula Ramadhani. Jioni nikasikia mtu akitaja muufo, nikakumbuka mkate wetu wa mofa. Tangu Mombasa hadi Barawa, ambako watu huzungumza Kiswahili chao cha Chimini, jiko letu ni moja. Halua ya dada yangu iliisha darasani, kila mtoto akilamba kidole. Walikuwa wengi, na vitabu vichache, na mpwa wangu alifundisha masomo ambayo hakuyasomea. "Mjomba," alisema, "nikiondoka mimi hapa, hesabu zimeondoka."

Aliondoka. Si kwa kupenda kwake. Tarehe 22 Novemba 2014, karibu na Arabia katika njia hiyo ya Mandera, watu wenye silaha walisimamisha basi lililokuwa likienda Nairobi. Waliwatenga Waislamu na wasiokuwa Waislamu, na waliodhaniwa si Waislamu wakauawa, watu 28, wakiwamo walimu wengi waliokuwa wakienda makwao likizo. Waliwapima watu kwa kuwaamuru wasome maneno ya dini yetu. Maneno ambayo mimi na wewe twawafundisha watoto ili wapate pepo, wao waliyafanya mizani ya kuulia. Baada ya hapo walimu wasio wenyeji walihama kwa mamia kutoka kaskazini mashariki, na dada yangu akamlilia mwanawe mpaka akarudi pwani.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe 21 Desemba 2015, basi jingine, lililokuwa likienda Mandera, lilivamiwa upande wa El Wak. Amri ilikuwa ile ile: Waislamu huku, wengine kule. Lakini safari hii abiria walikataa. Wanawake wa Kiislamu walikuwa wamewapa wenzao Wakristo mitandio wajifunike. Wakawaambia wale wauaji: ama mtuue sote, ama mtuache. Watu wawili walipoteza maisha katika shambulio lile, lakini mauaji yaliyokusudiwa hayakuwa. Mwalimu mmoja Mwislamu, Salah Farah, alipigwa risasi, na Januari 2016 akafa hospitalini Nairobi. Mwaka huo huo Rais Uhuru Kenyatta alimtunuku nishani. Kisa hicho kikatengenezewa filamu fupi na Katja Benrath, mwanafunzi wa Kijerumani, ikaitwa kwa Kiswahili "Watu Wote", na mwaka 2018 ilikuwa miongoni mwa zilizoteuliwa kugombea tuzo ya Oscar. Dunia ikapiga makofi.

Mimi niliposikia habari ile nilikumbuka kiti changu na kikapu changu cha halua. Kule El Wak, mbele ya bunduki, watu walikataa kutenganishwa. Mimi, mbele ya askari aliyekuwa na karatasi tu, nilikubali. Silinganishi askari na wauaji. Askari nao wameuawa katika njia hiyo, nao ndio huyasindikiza mabasi, na kukagua vipande ni kazi yao. Lakini ukaguzi wa haki hukagua abiria wote. Ukaguzi wa uso hutufunza kuwa katika basi moja mna abiria na mna washukiwa, na anayekuja kututenganisha kwa ubaya hukuta tumekwisha kuzoea kutengana.

Kwa hivyo nasema mambo matatu. La kwanza ni la serikali. Barabara kuu inayojengwa kutoka Isiolo hadi Mandera, kwa mkopo wa Benki ya Dunia uliopitishwa mwaka 2020, imepangiwa kupita El Wak na Rhamu. Ni kheri kubwa, lakini Lafey, Fino na Warankara hubaki pembeni. Mji ambao basi haliupiti hausahauliwi na wauaji, husahauliwa na walimu na waganga. Hao watoto wanadai njia salama na mwalimu wa hesabu.

La pili ni la vizuizini: wote waonyeshe kipande, au asiulizwe mtu.

La tatu ni letu, na ndilo zito. Sisi wa pwani twajua uchungu wa kuulizwa "wewe ni wa wapi" katika nchi yetu wenyewe. Yafaa tuwe wa kwanza kumwonea uchungu jirani. Badala yake, aingiapo Msomali garini, aghalabu twanong'onezana, na maneno mengine hayafai kuandikwa. Ibn Battuta alipita Mogadishu, Mombasa na Kilwa mwaka 1331 akapokewa kote kama ndugu. Leo mtu wa Lafey akija Mombasa atapokewaje?

Nina jawabu moja, na ni la juzi juzi. Mmoja wa wanafunzi wale waliolamba halua sasa ni kijana, na amekuja kusoma huku pwani. Alikwenda kumsalimu dada yangu, akiwa amebeba kopo la nyirinyiri kutoka kwa mamake. Alifika usiku sana. Tukamwuliza amechelewa kwa nini. Akasema alishushwa kwenye kizuizi peke yake. "Basi hawakukuacha?" dada yangu akauliza. Akasema hapana. Bibi mmoja wa Kigiriama, asiyemjua, alishuka naye na fimbo yake, akasimama kando yake muda wote, na kila alipoambiwa arudi kitini akajibu, "Tumetoka sote, twaenda sote." Dereva akazima gari, na abiria mmoja mmoja wakaanza kushuka.