Nilikwenda kununua rafu, nikasomeshwa msamiati

Kwa muda wa miaka kumi na mitano nimekuwa nikiwafundisha walimu watarajiwa methali isemayo kwamba mwamba ngoma, ngozi huivuta kwake. Kila mwaka hapakosi mwanafunzi aandikaye katika mtihani kwamba mwamba ni jabali, na kwamba ngoma ya jabali ni ngumu kupigwa. Kila mwaka nami huchukua kalamu nyekundu, nikamkosoa, kisha nikaeleza darasani kwa sauti ya mjuzi kwamba mwamba hapa ni mtu awambaye, yaani anayekaza ngozi juu ya mzinga wa ngoma. Jambo ambalo sikupata kuwaambia wanafunzi wangu ni kwamba mimi mwenyewe, pamoja na shahada zangu zote, nilikuwa sijaona kwa macho yangu kitu chochote kikiwambwa.

Nililiona hilo kwa mara ya kwanza katika duka la samani, tena kwa bahati tu. Rafu niliyokuwa nimeinunua katika duka moja kubwa la kisasa, rafu iliyong'ara na kunukia gundi, ilianza kubonyea katikati kabla haijatimiza mwaka. Usiku mmoja ikaporomoka pamoja na kamusi zangu zote. Nilipoikagua asubuhi niligundua kwamba haikuwa na ubao hata mmoja. Ilikuwa vumbi la mbao lililoshindiliwa kwa gundi na kuvishwa karatasi yenye michirizi ya kuigiza mti. Jirani yangu alicheka, akanielekeza Mji wa Kale hapa Mombasa, katika kichochoro kimoja kisicho mbali na Ndia Kuu. (Wanafunzi wa lahaja watakumbuka kwamba ndia ya Kimvita ndiyo njia ya Kiswahili Sanifu, barabara hiyo ni somo tosha la fonolojia kwa mtu anayepita akiwa macho.)

Duka lenyewe halina kibao cha jina. Ni ukumbi wa chini wa nyumba ya familia, na mteja akifika wakati wa chakula cha mchana hana budi kukaribishwa sahani kabla ya kuulizwa anataka nini. Viti vimening'inizwa darini kwa kukosa nafasi. Ukutani pana vioo vilivyotiwa fremu za mbao kuukuu za majahazi, zikiwa bado na mabaki ya rangi ya buluu na matundu ya misumari. Pana marufaa ya kuwekea msahafu, mbuzi za kukunia nazi, makasha, kandili na mabuli ya shaba ambayo hakuna aliyenieleza yalifikaje hapo. Bei haikuandikwa popote. Mzee mwenye duka hazijui bei. Anayezijua ni mkewe, naye huketi barazani akisuka ukili na kutaja bei bila kuinua kichwa.

Badala ya bei, kila kitu kina kipande cha karatasi chenye maandishi ya mkono wa kitoto: jina la kitu, jina la mti, na jina la mtu wa nyumba hiyo aliyekitengeneza. Aliyeandika ni mjukuu wao, mwanafunzi wa shule ya upili. Kabati moja kubwa la mbambakofi lilikuwa na nyongeza isemayo: "Linauzwa, lakini si kwa mtu atakayelipaka rangi." Saa ya ukutani iliandikwa: "Haiuzwi. Usiulize tena."

Nilipopiga hodi, mzee alikuwa ameinamia kitanda cha kamba. "Karibu, Mwalimu," alisema, maana jirani yangu alikuwa amekwisha kunitaja. "Ningoje kidogo nimalize kuwamba."

Nikamwomba asimame hapo hapo, anirudilie neno alilolisema. Akanitazama kwa huruma kidogo, kama atazamwavyo mgonjwa, kisha akanionyesha. Kamba ya makumbi hupitishwa upande huu na upande ule wa kitanda, na kila mzunguko fundi hukanyaga mbao kwa mguu mmoja na kuvuta kwa mikono miwili. Anavuta kuelekea kwake. Hana namna nyingine ya kuvuta. Ndiyo maana, alisema, akikaa mahali pamoja hadi mwisho, kitanda kizima huenda upande, na mguu mmoja ukabaki hewani. Fundi hana budi kuzunguka. Alizunguka mbele yangu mara nne, nami nikaielewa methali niliyokuwa nikiifundisha kwa miaka kumi na mitano. Vitabu vyetu vya mazoezi husema kwamba methali hiyo yahusu watu wabinafsi, basi. Havisemi kwamba uvutaji huo hauepukiki, wala kwamba dawa yake ni kubadilisha mahali unaposimama.

Hapo nikaanza kuuliza kwa pupa. Miguu ya kitanda ni matendegu. Mbao za ubavuni ni mifumbati. Zile za kichwani na miguuni ni vitakizo, na upande wa kulaza kichwa ni mchago. Maneno haya, mpenzi msomaji, si mageni kwa mwanafunzi wa Kenya. Yamo katika vitabu vya marudio, yamepangwa safu kwa safu kama askari wa gwaride, na mwanafunzi huyakariri usiku wa kuamkia mtihani, akayatapika asubuhi na kuyasahau jioni. Nami nimekuwa miongoni mwa waliowapanga askari hao. Ila nilipokuwa nimesimama mbele ya kitanda chenyewe, nilishindwa kusema kwa yakini mfumbati uko wapi na kitakizo kiko wapi, hadi yule binti aliponinong'oneza.

Binti huyo ndiye aliyenipa habari ya msasa. Katika mtihani mmoja shuleni aliulizwa maana ya neno hilo, akaandika kwamba ni mti wenye majani makwaruzo yatumiwayo kulainisha mbao. Alikoseshwa. Jibu la mwenye kusahihisha lilikuwa "karatasi ya kulainishia mbao". Waama, majibu yote mawili ni sahihi, na la binti ndilo mzazi wa la pili: karatasi ya dukani ilipofika pwani ilirithi jina la jani lililokuwa likifanya kazi hiyo tangu zamani. Babu yake hutumia karatasi kwa kazi kubwa, lakini kwa mapindo ya nakshi, mahali ambapo karatasi huvunjika, bado hupenda jani. Binti alikuwa ameliona jani hilo mkononi mwa babu yake tangu utotoni, naye akanyimwa alama na mtu ambaye pengine hajaliona kamwe. Aliponisimulia hakulalamika. Alisema tu kwamba sasa amejifunza kuandika wanachokitaka.

Kauli hiyo ilinikata maini. Nimewahi kutunga miongozo ya kusahihishia ya namna hiyo hiyo, na siwezi kuapa kwamba sijamkosesha mtoto wa fundi.

Sisi tuliosoma chini ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, twakumbuka jinsi wazazi walivyochangishwa fedha za kujenga karakana. Shuleni kwetu ilijengwa. Ilikuwa na meza moja, jiriwa moja, na randa moja iliyofungiwa kabatini mwa mwalimu mkuu isije ikaibwa. Tuliichora randa hiyo ubaoni, tukaiandika daftarini, tukaijibu katika mtihani, kuishika hatukuishika. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mzigo wa masomo ulipopunguzwa, masomo ya ufundi yalikuwa miongoni mwa yaliyotangulia kutoka. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kitaifa mwaka 2019, umerudisha maneno matamu kuhusu kutenda na kugusa. Nayaunga mkono. Ila nimeona vitabu kadhaa vya Kiswahili vilivyotungwa kwa ajili yake, na orodha ya vifaa vya useremala imo, randa, keekee, patasi, tupa, timazi, pamoja na michoro ambayo fundi yeyote angeicheka.

Najua watakaonijibu kwamba dunia imekwenda mbele, kwamba mtoto wa leo anahitaji kompyuta wala hahitaji tendegu. Huenda wakawa sawa kuhusu tendegu. Kitanda cha kamba kikifa, sehemu zake zitakufa majina, na lugha haitazimia kwa sababu hiyo. Kila lugha ina makaburi yake. Sidai kila neno lihifadhiwe. Ninachokipinga ni kumtahini mtoto kwa neno ambalo mtahini mwenyewe hajui linashikwaje.

Wala mzee yule si mlinzi wa lugha safi. Alipomtuma mjukuu wake skrubu, mimi kwa mazoea yangu ya darasani nikasema, "Parafujo." Akacheka hadi akaweka bisibisi chini. Parafujo na skrubu, alisema, zote zimeletwa na majahazi. Moja ilitangulia tu kufika. Nami mtu wa isimu nikanyamaza, kwa kuwa ni kweli tupu. Parafujo ni ya Wareno, wale wale walioipoteza Ngome ya Yesu mwaka 1698 wakatuachia na neno meza. Katika duka hilo kiti ni cha Kibantu, kutokana na shina lile lile la mti na kijiti, na kabati ni la Kiingereza. Vyote vimekaa chumba kimoja bila ugomvi. Ugomvi uko kwetu sisi wa vyuoni, ambao hukimbilia kumsahihisha fundi kabla ya kumsikiliza.

Krapf, mmishonari Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844, alikuwa mgeni wa lugha hii, hivyo hakuwa na njia ila kuwauliza wenyewe. Kamusi yake, iliyotoka mwaka 1882, imejaa vitu vya nyumbani na vya kazini. Sisi wenye lugha tumeacha kuuliza. Siku hizi kitabu kinanakili kitabu, nacho kilinakili kingine.

Kwa hivyo nina ombi kwa walimu wenzangu, nalo si la gharama. Hakuna mji wa Kenya usio na seremala, uwe Kakamega, uwe Nyeri, na jijini Nairobi pana Gikomba iliyojaa mafundi. Wapelekeni wanafunzi kwa saa moja, na daftari tupu. Waandike fundi anaviitaje vitu vyake, liwe neno la Kiswahili, la Kikuyu, la Kiluhya au la Kiingereza lililogeuzwa sura, bila kumsahihisha. Wakirudi darasani ndipo wafungue kamusi wakalinganishe. Na fundi alipwe kwa saa yake, maana wakati anaotufundisha hapigi randa.

Hili la malipo nalisema kwa sababu. Mzee ana wana wawili. Mmoja anaendesha gari katika nchi ya Ghuba, na wa pili huuza viti kwa simu, lakini viti vyenyewe ni vya kuagizwa kutoka nje, vya vumbi lile lile lililoangusha kamusi zangu. Mbao zimepanda bei. Tangu Februari 2018 serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti misituni mwake, mzee alijizoesha kununua miembe na mifenesi ya mashambani, na hata marufuku ilipotangazwa kuondolewa Julai 2023 hakurudia tena mbao za zamani. Nilipomwuliza nani atarithi duka, alimtazama mjukuu wake, naye binti akautazama mlango. Bibi barazani akasema kwamba mtoto atasoma kwanza. Hakuna aliyeendeleza mazungumzo hayo.

Rafu yangu ni ya mwembe. Haina parafujo wala skrubu; imeunganishwa kwa ndimi zilizoingia matunduni. Ilinigharimu karibu mara mbili ya ile ya kwanza, na bibi hakunipunguzia hata shilingi. Ilisafirishwa kwa mkokoteni, ikiwa bado na karatasi yake: "Rafu. Mwembe. Babu." Chini yake binti alikuwa ameongeza kwa herufi ndogo: "Kitambaa tu, si maji."

Mwezi ujao nitawapeleka wanafunzi wangu ishirini na wawili. Nilipokwenda kuomba ruhusa, bibi aliniuliza kama watanunua au watauliza tu. Tukakubaliana kwamba kila mmoja atakuja na kiti kibovu cha kutengenezwa, na malipo atapokea yeye mwenyewe, mlangoni, kabla ya swali la kwanza.